Alfajiri, mchana, jioni au wikendi: ulinganisho wa saa za mazoezi kwa mfanyakazi wa ofisini Dar es Salaam

Mfanyakazi wa ofisini anayeishi Dar es Salaam ana mazoezi mengi ya kuchagua na saa chache mno za kuyafanyia. Ufukwe upo, jimu zipo, video za mazoezi zimejaa kwenye simu, na kamba ya kuruka haihitaji mkopo. Kinachomshinda ni kwamba siku yake imeshagawanywa kabla hajaamka: mwajiri ana fungu lake, barabara ina fungu lake, na nyumbani kuna watoto, wageni na mambo ya familia. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unahusu saa zaidi ya aina za mazoezi, na kipimo chake kikuu ni kuuliza, kwa kila saa, ni nani anayeweza kuichukua na mara ngapi kwa wiki ataichukua. Jasho, pesa, usalama na usingizi vinafuata baada ya swali hilo.

Kiwango kinachotafutwa kinajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, na pamoja na hayo aimarishe misuli yake mikubwa kwa siku mbili au zaidi. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo ukiyafanya unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Mwongozo wa mwaka 2010 ulidai kila kipindi kifike angalau dakika 10 ndipo kihesabiwe. Ule wa 2020 uliondoa sharti hilo, na kwa mtu ambaye siku yake imekatwa vipande vipande badiliko hilo lina maana kubwa, kwa kuwa hata ngazi za ghorofa nne sasa zinaingia kwenye hesabu.

Alfajiri

Sifa ya kwanza ya alfajiri ni kwamba hakuna bosi anayeitisha kikao saa 11 alfajiri. Simu zimelala, wateja wamelala, na joto la jiji liko chini kuliko saa nyingine yoyote, ingawa unyevu wa pwani haupumziki. Kwa Mwislamu aliyekwisha kuamka kuswali, kazi ngumu kuliko zote, yaani kutoka kitandani, imeshafanyika. Kwa kipimo cha saa isiyoporwa na wengine, alfajiri inaongoza.

Hata hivyo, alfajiri ya mkazi wa Upanga si alfajiri ya mkazi wa Mbagala. Anayeishi Upanga, Kinondoni au Mikocheni anaweza kuamka saa 11, akakimbia hadi Daraja la Tanzanite, ambalo tangu lilipofunguliwa mwaka 2022 limekuwa njia pendwa ya wakimbiaji kati ya upande wa Hospitali ya Aga Khan na Coco Beach, akarudi nyumbani saa 12 na nusu, akaoga, akanywa chai na bado akawahi kazini saa 2. Anayetoka Chanika, Kibaha au mwisho wa Mbagala huwa kituoni saa 11 na nusu akigombea daladala, hasa akiwa mtumishi wa serikali anayetakiwa kuanza kazi saa 1:30 asubuhi. Ili huyu akimbie kabla ya safari lazima aamke saa 10 au kabla ya hapo, na kwa kuwa jua la Dar es Salaam huchomoza karibu saa 12 asubuhi, likitangulia kidogo mwezi Novemba na kuchelewa kidogo mwezi Julai, atakimbia gizani mwaka mzima. Gizani kuna bodaboda zisizowasha taa, kuna mbwa waliofunguliwa usiku na kuna vibaka. Mwanamke anayekimbia peke yake hubeba hatari hiyo mara mbili, na ushauri wa kwamba ajiunge na wenzake wawili watatu si wa kupuuzwa. Anayelazimika kukimbia barabarani avae nguo ya rangi ya kung'aa na akimbie akiyatazama magari yanayokuja, asiyape mgongo.

Gharama halisi ya alfajiri, hata hivyo, hulipwa usiku. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Anayeamka saa 10 na nusu alfajiri anapaswa kuwa amelala kufikia saa 3 na nusu usiku, na katika nyumba nyingi saa hiyo ndiyo kwanza sahani za chakula zinaondolewa mezani na watoto bado wana kazi za shule. Akilala saa 5 usiku amebakiwa na saa tano na nusu, na akiendelea hivyo wiki baada ya wiki atakuwa mkimbiaji mwenye usingizi kwenye kila kikao cha mchana, mwenye hamu ya vitu vitamu na hasira za karibu. Maoni yangu ni kwamba asiyeweza kusogeza saa ya kulala asiiguse alfajiri, hata kama wenzake wa ofisini wanaisifu.

Mchana

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania mapumziko ya angalau dakika 60 anapofanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo. Kwenye karatasi, basi, kila mtu ana saa moja. Tatizo ni hali ya hewa na shati. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na ofisi zenye bafu ni chache. Atakayekimbia atarudi kwenye dawati akiwa hafai kukaa karibu na mtu. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inaruhusu mambo ambayo pwani haiyaruhusu.

Kinachowezekana, na chenye faida kuliko watu wanavyodhani, ni kutembea kivulini kwa dakika 10 au 15 mara baada ya kula. Sahani ya wali, maharage na nyama ya kwa mama lishe hupandisha sukari kwenye damu, na misuli ya miguu inapofanya kazi huichota sukari hiyo na kuitumia. Anayerudi moja kwa moja kwenye kiti chenye kiyoyozi anaikosa huduma hiyo ya bure. Kama saa ya pekee ya mazoezi, mchana hautoshi, lakini kama nyongeza ya saa nyingine yoyote hauna mpinzani.

Jioni

Mwili wenyewe hupenda jioni. Joto la mwili huwa limepanda, viungo vimeshalegea baada ya siku nzima, na watu wengi huinua vyuma vizito zaidi na kukimbia kwa kasi zaidi alasiri na jioni kuliko asubuhi. Kinachoiharibu ni kwamba jioni ina wadai wengi: kazi iliyobaki mezani, kikao kilichoanza kwa kuchelewa, kikao cha harusi ya binamu, msiba mtaani, na foleni.

Foleni, ajabu ni kwamba, inaweza kugeuzwa kuwa hoja ya kuitetea jioni. Chukua mtu anayefanya kazi Posta na kuishi Tegeta. Akitoka ofisini saa 11 jioni kamili pamoja na jiji zima, tuseme anafika nyumbani saa 1 na nusu usiku. Mtu huyohuyo akibaki mjini, akafanya mazoezi kwa saa moja na dakika zake za kuoga, akaanza safari saa 1 wakati barabara zimeanza kupumua, huenda akafika saa 2 na robo. Mazoezi ya saa moja na zaidi yamempunguzia dakika 45 tu za kuwa nyumbani. Ndiyo maana jimu iliyo karibu na ofisi mara nyingi ni uamuzi bora kuliko jimu iliyo karibu na nyumbani kwa mtu wa safari ndefu: akishaingia nyumbani, akavua viatu na kukalia kochi, hatoki tena. Hesabu hiyo hugeuka kwa mzazi anayetakiwa kumpokea mtoto kutoka kwa dada wa kazi au kusimamia kazi za shule, na kwake dakika 45 hizo si jambo dogo la kusawazishwa kwa kalamu.

Kuna hofu kwamba mazoezi ya jioni hufukuza usingizi. Tafiti zilizokusanywa na kupitiwa kwa pamoja hazikuithibitisha hofu hiyo kwa ujumla wake. Zilichoonyesha ni kwamba mazoezi makali yanayomalizika chini ya saa moja kabla ya kulala ndiyo yanayoweza kusumbua. Anayemaliza saa 1 usiku na kulala saa 4 hana cha kuogopa.

Kuhusu pesa, ada ya jimu isipimwe kwa mwezi bali kwa safari. Kama ada ni shilingi 100,000 na mwanachama ameenda mara 12, kila safari imemgharimu shilingi 8,300 hivi. Akienda mara 3 tu, kila safari ni shilingi 33,000 na zaidi, na hapo jimu imekuwa anasa. Mpira wa jioni kwenye kiwanja cha kukodi ni nafuu zaidi, na una ulinzi ambao jimu haina: ukikosekana, wenzako wanakupigia simu kwa sababu timu haijatimia. Hasara yake ni magoti. Wanaume wa miaka 40 ambao hawakupasha mwili hata dakika tano huingia uwanjani kana kwamba wanatazamwa na kocha wa Taifa Stars.

Mazoezi ndani ya safari

Saa ya nne katika ulinganisho huu haipo kwenye ratiba kabisa, kwa sababu imefichwa ndani ya safari ya kwenda na kurudi kazini. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa kwenye kiti siku nzima walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi. Kondakta wa London hakuvaa raba wala hakulipa ada popote. Kazi yake ilimtembeza. (Konda wa daladala zetu hana ngazi za kupanda, lakini kwa kusimama na kurukaruka mlangoni bado anamzidi dereva wake.)

Kwa mfanyakazi wa ofisini njia ni kushuka mapema. Abiria wa basi la mwendokasi anayekwenda Posta anaweza kushuka kituo cha Fire na kumalizia kwa miguu. Wa daladala anaweza kushuka kituo kimoja au viwili kabla ya mwisho, mahali ambapo kwa kawaida gari limeshasimama kwenye foleni na abiria wanaangalia saa. Tuseme anatembea dakika 20 kwa mwendo wa hatua 100 kwa dakika, ambao ndio mwanzo wa mazoezi ya wastani, asubuhi na jioni, kwa siku tano. Amefikisha dakika 200, juu ya kiwango cha chini cha wiki, na kwa kuwa gari lingetumia sehemu ya dakika hizo likiwa limesimama, muda halisi alioongeza kwenye siku yake ni mdogo.

Anayehesabu hatua kwa simu asitishwe na namba 10,000. Namba hiyo ilipata umaarufu Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa na kampuni ya Yamasa, na haikutokana na kipimo cha hospitali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliofikisha hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wale wa hatua 2,700, na kwamba nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia.

Kasoro za njia hii ni za kidunia. Njia za waenda kwa miguu hukatika ghafla zikawa maegesho au meza za mitumba. Jua la saa 10 alasiri halimwonei huruma mtu. Na wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuna siku ambazo hakuna anayetembea. Raba ziende na begi, viatu vya ofisi vibaki chini ya dawati, shati la pili litundikwe kabatini. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kutembea hakujengi misuli ya juu ya mwili. Anayechagua safari lazima aongeze vipindi viwili vya nyumbani kwa wiki, vya dakika 15 hadi 20: pushapu, ambazo anayeanza anaweza kuzipigia ukutani au ukingoni mwa meza; kuchuchumaa na kuinuka; kulala kifudifudi na kujiinua juu ya viwiko na vidole vya miguu, mgongo ukiwa umenyooka; na kunyanyua dumu la maji, ambalo la lita 10 lina kilo 10 na la lita 20 lina kilo 20, uzito ambao ukiwa jimu ungelipiwa.

Wikendi

Vilabu vya jogging vya Dar es Salaam ni utamaduni kamili: fulana za rangi moja, mwimbishaji mbele, mchakamchaka wa shuleni ukirudi katika miili ya watu wazima, na kituo cha mwisho ambapo vilabu hualikana. Serikali nayo imewahi kuusukuma utamaduni huo. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua mpango wa kuifanya Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, na Zanzibar tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi ya viungo kitaifa. Kwa afya ya akili na kwa kupata marafiki nje ya ofisi, wikendi haina mpinzani.

Kwa afya ya moyo pia haidharauliwi. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusu watu zaidi ya 63,000 wa Uingereza uliona kwamba waliorundika mazoezi yao katika siku moja au mbili za wiki walikuwa na hatari ndogo ya kufa mapema kuliko wasiofanya kabisa. Lakini Jumamosi ya Mtanzania ni siku ya harusi, misiba, vikao na safari za shamba, na ikiporwa moja, wiki nzima imekwenda. Mwili uliokaa siku tano na kupewa kilomita 12 kwa mkupuo hulalamika kwenye kano ya kisigino na kwenye goti, kwa hiyo umbali uongezwe kidogo kidogo. Kisha kuna supu. Mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita 6 hutumia kama kilokalori 420; bakuli la supu ya mbuzi na chapati mbili za mafuta huzirudisha zote, na soda ya kuteremshia ni ziada. Anayekimbia kwa furaha aendelee na supu yake. Anayekimbia ili apunguze kitambi ajue kwamba kinachoamua hapo ni sahani.

Nani achague nini

Mkazi wa karibu na mjini anayeweza kulala kabla ya saa 4 usiku achukue alfajiri, mara tatu kwa wiki, na siku mbili nyingine afanye mazoezi ya misuli nyumbani. Mtu wa safari ndefu asiye na watoto wadogo achukue jioni karibu na ofisi. Mzazi wa watoto wadogo, na yeyote ambaye ratiba yake huvurugwa kila wiki, achukue safari pamoja na vipindi viwili vya nyumbani, kwa sababu safari ndiyo saa pekee ambayo haighairishwi: kazini lazima aende na nyumbani lazima arudi. Kama ningelazimika kumpa ushauri mmoja mtu nisiyemjua, ningempa huo. Anayemiliki gari aliegeshe mbali kidogo na ofisi, ingawa nakiri kwamba wenye magari ndio wagumu zaidi kushawishika. Wikendi niiweke kama nyongeza kwa wote, na kama njia pekee kwa yule ambaye siku zake tano haziguswi.

Mwezi wa Ramadhani hupangua yote. Mfungaji atatembea taratibu katika saa ya mwisho kabla ya futari, au atafanya mazoezi yake baada ya tarawehe akiwa ameshakunywa maji ya kutosha, na mbio za alfajiri zitasubiri Shawwal, mwezi unaofuata. Nesi, mlinzi au mtangazaji anayefanya kazi kwa zamu naye asilazimishe saa moja ya ukutani. Apange mazoezi kwa kuhesabu kutoka pale anapoamka, iwe ni saa 12 asubuhi au saa 8 mchana, na siku ya kutoka zamu ya usiku alale kwanza.

Aliye na presha au kisukari, au aliyewahi kuhisi kubanwa kifua akipanda ngazi, apimwe hospitali kabla ya kuanza mbio au vyuma. Wakati akisubiri majibu, matembezi mafupi kwa mwendo wa kawaida kwa kawaida hayamdhuru mwenye presha au kisukari. Mwenye maumivu ya kifua asubiri kauli ya daktari hata kwa hayo.